Uji wa Unga wa Embe

Wewe uliyebinua mdomo hapo, urudishe. Hujasikia hata neno, tayari unasema uongo! Kama unajua zaidi, njoo ukalie kigoda changu usimulie wewe. Hujui? Basi nyamaza.

Hapo zamani, dawa za kupulizia zimekwisha kufika lakini akili iko bado njiani, mzee Semkiwa alipulizia miembe yake dawa ya inzi wa matunda. Kopo lilisema asubiri wiki mbili ndipo achume. Hakusubiri.

Maembe akamuuzia Bi Zuhena, mkaushaji. Zuhena akakata, akaanika. Jua likanywa maji, dawa likaiacha. Embe likasinyaa, sumu haikusinyaa. Zuhena akampelekea mpimaji, Bwana Elineema, mwenye mashine. Elineema akapima, akasema, "Dawa ipo, ila kidogo. Kuleni, haidhuru."

Kijiji kikala. Sasa, kwetu embe kavu hatulitafuni. Kwa meno yapi? Tunalitwanga, unga wake ndio sukari ya uji wa watoto. Mwanaheri alikuwa na mtoto mmoja tu, Tumu, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Asubuhi uji, mchana uji, jioni uji. Siku moja Tumu akatokwa mate, akatetemeka, akafa.

Baraza likakaa, likaona ni ile dawa, likaamua: mwenye kosa ahame, Mwanaheri asikutane naye kisimani.

Semkiwa akasema, "Zuhena ndiye aliyenisukuma. 'Mzee, lete, mvua hiyo inakuja!' Ningefanyaje?"

"Ungefungua mdomo useme umepulizia juzi!" Zuhena akamrukia. "Mimi peke yangu ndiye niliyepeleka kupimwa. Aliyejali ndiye ahame?"

Elineema akafuta miwani. "Kipimo changu ni sahihi. Nilipiga hesabu ya mtu mzima, anayetafuna vipande viwili vitatu. Habari za uji nani aliniambia?"

"Uliuliza?" Mwanaheri akamjibu. "Nilikukaribisha kwangu, baba. Ulikunywa uji huohuo, ukasifu utamu. Hukuuliza umetoka wapi."

Semkiwa akanong'ona, lakini wote walisikia: "Na aliyetwanga ni nani?"

"Mimi," akasema Mwanaheri. "Nimetwanga kwa mikono yangu, nikamnywesha. Basi nihame mimi?"

Baraza likainuka bila kuhukumu.

Haya, semeni. Na asiniambie mtu kwamba ni kazi ya Mungu. Mungu hakupulizia miembe. Aliyechuma, aliyekausha, aliyepima, au aliyetwanga: je, nani alistahili kuhama?

Jibizaneni wenyewe. Mimi natoka, na mlango naufunga.