Jina la Kengele ya Moerhoek

Hapo zamani, bibi za bibi zenu wakiwa bado wanacheza kombolela, huko Uholanzi aliishi msanifu wa makanisa aliyeitwa Servaas Molenbrug. Uholanzi ni nchi ya ajabu, na msidhani natia chumvi. Bahari iko juu, watu wako chini, na katikati kuna tuta la udongo. Mwenye akili zake angehama. Wao walijenga vinu vya upepo vya kuvuta maji, wakapanda viazi, wakakaa.

Servaas alizaliwa kusini, kwenye vilima, ambako ukichimba kidogo unakutana na mwamba. Akajenga kanisa la kwanza, likasimama. Akajenga la pili, likasimama. Akajenga kumi na moja, yote yakasimama, na watu wakamsifu mpaka kichwa kikavimba. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. La kumi na mbili alilijenga bila kupima ardhi, kwa kuwa nani atamfundisha Servaas ardhi? Mnara ukainama kabla haujapata kengele. Ukabomolewa mchana kweupe, na matofali yake yakajenga mabanda ya nguruwe. Kwa miaka tisa hakuna aliyempa kanisa. Alichora maghala na mazizi, na kila alipopita chini ya mnara wa mtu mwingine alitazama viatu vyake.

Ndipo ikaja barua kutoka Moerhoek.

Moerhoek kilikuwa kijiji cha wakata udongo. Udongo wao ulikuwa mweusi na laini, wakaukata vipande, wakaukausha, wakaufanya kuni. Upande mmoja wa mfereji walikaa Waprotestanti, upande wa pili Wakatoliki. Na kwa miaka mia mbili sheria iliwakataza Wakatoliki mnara, ikawakataza kengele. Walisali ndani ya ghala lisilo na hata msalaba mlangoni. Mtoto wao akizaliwa, kimya. Mzee wao akifa, kimya. Sasa sheria ilikuwa imeondolewa, na padri wao, Padri Odulf, akawaandikia wasanifu saba. Wote saba wakajibu kwamba pale ni uji, na juu ya uji hapajengwi. Wa nane alikuwa Servaas.

Servaas akaja na miaka yake hamsini na tisa, akakanyaga uwanja, akazama mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akasema atajenga mnara wa mita sitini. Padri Odulf akadhani amesikia vibaya, akamwomba arudie. Akarudia. Alijua fika kwamba na huu ukilala, hakutakuwa na mwingine. Alitaka jambo moja tu kabla hajafa, kusimama chini ya mnara wake na kutazama juu.

Sasa sikilizeni jinsi wanavyojenga juu ya uji. Wanachukua misonobari mizima, wanaipigilia chini kama misumari, mpaka ncha ifike kwenye mchanga mgumu. Watu thelathini wanavuta kamba, gogo la chuma linapanda. Wanaachia, gogo linaushukia msonobari kichwani. Lakini watu thelathini hawavuti pamoja bila wimbo, na mwenye wimbo Moerhoek alikuwa Harmen, mtu mfupi mwenye sauti iliyovuka mfereji bila daraja.

"Vuta, lione mbingu!" Wanavuta.

"Achia, liende kuzimu!" Wanaachia.

Ramani ilisema mita kumi na mbili. Mti wa kwanza ulipofika mita kumi na mbili, Servaas akasema basi. Harmen akaweka sikio kwenye mti, akasema bado unakunywa, haujagusa mchanga mgumu. Servaas akamfungulia karatasi. Harmen akamjibu kwamba karatasi hajui kuisoma, anasoma miti. Servaas akasema ataleta kikosi kingine. Harmen akakaa chini, akafunga mdomo. Na bila wimbo wale watu thelathini walikuwa watu thelathini tu walioshika kamba.

Siku ya kwanza Harmen hakuimba. Siku ya pili hakuimba. Siku ya tatu Servaas akaja mwenyewe, akapiga magoti topeni, akaweka sikio lake kwenye mti. Gogo likaangushwa mara moja. Akasikia mlio mzito wa kitu kinachoingia mahali pasipo na sakafu, na mnara wake uliobomolewa ukamrudia wote, tofali kwa tofali.

"Imba, Fundi Harmen," akasema.

Wakaunga mti wa pili juu ya wa kwanza. Kwenye mita ishirini na moja ukalia kama mtu anayebisha hodi, na Harmen akaitikia kwa kichwa kwamba sasa umefika. Miti ilikuwa mia nne na arobaini, kila mmoja mara mbili, na nyimbo nazo mara mbili. Kwenye mti wa mia nne na kumi sauti ya Harmen ikapasuka. Akaendelea. Kwenye mti wa mwisho ikakatika, na haikurudi tena. Tangu hapo alinong'ona tu, na kiongozi wa wimbo anayenong'ona hana kazi Uholanzi wala kwingineko.

Kuta zikaanza kupanda. Servaas akashusha timazi, ule uzi wenye risasi nchani, akatazama, akafurahi. Kilichomkera kilikuwa maji. Shimo lilijaa kila asubuhi, chokaa haikushika. Na Servaas, mtoto wa vilima, aliamini jambo ambalo nyote mliokaa hapa mngeliamini, kwamba jengo husalimika pakavu. Akaliomba baraza la maji, wazee waliopanga maji ya mashamba yote, kinu cha upepo kizunguke bila kupumzika. Mtunza kinu alikuwa Aleida, mjane Mprotestanti wa ng'ambo ya mfereji, mwanamke asiyetoa maneno mawili pale ambapo moja lingetosha. Aliwaambia wazee wa baraza si vizuri. Wakamwambia ni amri. Kinu kikazunguka miaka miwili, uwanja ukakauka, watu wakatembea humo bila viatu vya mbao, na Servaas akasifiwa tena. Hapo ndipo mlipopaswa kuogopa.

Mnara ulipofika mita arobaini, Servaas akashusha timazi, akatazama. Ulikuwa umeinama kiganja kimoja. Mwezi mmoja baadaye akashusha timazi, akatazama. Viganja viwili. Na ukutani, nyuma ya jukwaa la waashi, palikuwa na ufa wa kuingiza ukucha.

Siku hiyo alijaribiwa, siwafichi. Chokaa ilikuwa mkononi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa ule kuuziba kulikuwa ndiko kuuficha, na hakuna aliyeuona ila yeye. Angeupaka, angemaliza, angechukua shukrani zake na kuondoka kabla ya masika. Akachovya mwiko. Akautoa. Akauchovya tena.

Akiwa katika hali hiyo Aleida akavuka daraja, akaja kumlalamikia kwamba mlango wa nyumba yake hautaki kufunga. Servaas akamwuliza mlango unahusu nini. Aleida akamwambia maji yakishuka mno ardhi husinyaa, na ardhi ikisinyaa nyumba hukunja shingo. Kisha akautazama ule ufa.

"Bwana Servaas," akasema, "mti ukilala majini hauozi, hata wajukuu wako wazeeke. Ukitoa kichwa ukaonja hewa, umekwisha. Nendeni mkachimbe."

Wakachimba kando ya ukuta. Kichwa cha nguzo ya kwanza kilikuwa nje ya maji, kikavu. Servaas akakibonyeza, na kidole gumba kikazama kama kwenye muhogo uliochemka. Akautupa mwiko.

Jumapili akasimama juu ya jukwaa, Wakatoliki wote wa Moerhoek wakiwa chini yake, akawaambia kwamba mnara unainama na kosa ni lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeomba ukaushwe. Akaongeza kwamba bila miti ya Harmen wangekuwa wanaokota matofali sasa hivi. Kisha akamwandikia askofu maneno hayohayo, akatia sahihi. Barua ile ilitembea. Waliokuwa wamesahau mnara uliobomolewa wakakumbuka, na hakuna parokia nyingine Uholanzi iliyotaka kulisikia jina la Servaas. Baadhi ya watu wa Moerhoek nao walitaka kumfukuza. Harmen aliwanong'oneza, mmoja mmoja, kwamba aliyepotea njia ndiye ajuaye mahali alipopotelea, wamwache amalize.

Lakini Servaas alipoliomba baraza la maji lisimamishe kinu, likakataa, kwa sababu ya viazi. Aleida hakubishana. Alipanda, akayafunga mabawa ya kinu kwa mnyororo, akatia kufuli, akakaa kwenye ngazi na ufunguo mfukoni. Wazee wa baraza wakaja, hakuondoka. Mchungaji wake akaja, akamwuliza tangu lini ametaabika kwa ajili ya kengele ya Wakatoliki, hakuondoka. Wiki moja, wiki mbili, wiki sita. Maji yakapanda, yakazamisha viazi, na shamba la kwanza kuzama lilikuwa lake. Baada ya wiki sita wakavunja kufuli, wakamtoa kinuni na katika nyumba ya mtunza kinu aliyokaa miaka thelathini. Majirani zake wakaacha kumsalimu. Padri Odulf akampa lile ghala la zamani la kusalia, naye akahamia humo na paka wake, Mprotestanti ndani ya kanisa la Wakatoliki.

Je, wiki sita zile Servaas alilala? Hakulala. Alifanya jambo lililowachekesha Wamoerhoek mpaka wakashika mbavu. Nchi nzima inajenga matuta kuzuia maji yasiingie. Servaas alijenga tuta kuzuia maji yasitoke. Alilizungusha kanisa lote kwa udongo wa mfinyanzi, na watu thelathini wa Harmen wakabeba udongo huo wakiimba, Harmen akiwaongoza kwa mikono. Kinu kilipozunguka tena, mashamba yakakauka, viazi vikapona mwaka uliofuata, na ndani ya tuta nguzo zikabaki zimelala majini kama zilivyopenda.

Kisha Servaas akachora upya mita ishirini zilizobaki. Upande ulioinama aliuongezea unene kidogo kila mstari wa matofali, mpaka mnara ukageuka, ukarudi, ukasimama. Ulikuwa na kibiongo kidogo ambacho mgeni hakioni. Akashusha timazi, akatazama. Haujasogea. Majira ya baridi yakapita, akashusha timazi. Haujasogea. Askofu akatuma kengele.

Kwa desturi yao kengele hubatizwa, hupewa jina kama mtu, ndipo ipigwe. Lakini Padri Odulf alisema hii haibatizwi mpaka mnara ukubali kuibeba. Basi wakaipandisha kwanza, watu thelathini kwenye kamba, Harmen mbele yao akinyanyua mikono: vuta, ione mbingu. Safari hii hakukuwa na achia. Ikafika juu ikiwa na ukanda mtupu kiunoni, pale ambapo jina lingechongwa.

Wakaipiga.

Laiti mngeliwaona watu wale. Miaka mia mbili ya kimya ilikatika kwa pigo moja. Wakata udongo wakavua kofia, wakalia waziwazi bila kufuta nyuso. Ng'ambo ya mfereji Waprotestanti wakatoka milangoni, na mchungaji yule naye akatoka, akasimama akisikiliza. Bibi mmoja wa miaka tisini alisema sasa anaweza kufa, kisha akabadili mawazo, akaomba bia. Servaas akashusha timazi kengele ikiendelea kulia. Risasi haikutikisika. Akarudi nyuma hatua kumi, akainua uso, akatazama juu mpaka shingo ikamuuma, na furaha aliyokuwa nayo sitaweza kuipima mbele yenu.

Ndipo Padri Odulf akawapandisha watatu, Harmen, Aleida na Servaas, mpaka kwenye kengele, akasema kengele itapewa jina la mmoja wao, nafasi haitoshi mawili, nalo litaitwa vizazi na vizazi. Kila mmoja aseme lake.

Harmen akanong'ona, wakainama wote kumsikia. "Niliambiwa basi, nikakataa. Mnara umesimama juu ya sauti yangu, na mimi sina nyingine. Kengele iwe sauti yangu."

Aleida akasema, "Sikuwahi kuitaka kengele hii. Nimeipa nyumba, viazi na majirani, na sikuwa na deni kwenu. Mnaowajibika mlifanya wajibu wenu. Mimi sikuwa na wajibu wowote; nilichofanya mtakiitaje?"

Servaas akafuata. "Sitawadanganya, ninalitaka jina hilo," akasema. "Saba walikataa, mimi nikaja. Nilikosea, na kosa hilo nilikuwa na chokaa ya kulificha. Nililisema, nikaunyoosha mnara kwa mikono hii. Jina nililokuwa nalo liliisha kwa ajili ya mnara huu."

Padri Odulf akawatazama, akashindwa kuchagua. Akachukua patasi na nyundo, akamkabidhi Servaas.

"Kila kilichomo humu umekichora wewe, Bwana Servaas," akasema. "Na hili lichore."

Chini uwanja mzima, Wakatoliki kwa Waprotestanti, ulikuwa umeelekeza nyuso juu. Servaas akapiga goti. Akaweka ncha ya patasi kwenye shaba, akainua nyundo.

Mimi nimewafikisha hapo, na nyundo iko hewani. Semeni ninyi, wala msinitazame usoni mkitafuta jibu: nyundo ikishuka, patasi ichonge jina la nani? Je, nani alistahili?