Siki ya Askari Rutilio

Inasimuliwa, na mwenye kubisha aende akabishane na ukuta, kwamba katika mji mmoja wa Shamu, zama za waumini wa mwanzo, alikuwapo askari mstaafu wa Kirumi jina lake Rutilio. Mtu wa miraba minne huyo! Akipiga chafya, punda wa mtaa wa tatu wanakata kamba. Lakini moyo wake ulikuwa umemwelekea Bwana, akaja kuomba ubatizo.

Mzee Filagrio, mlezi wa waumini, akamuuliza mbele ya watu, "Ndugu yangu, umewahi kulinda misalaba?"

Angesema hapana, nani angejua?

"Nimelinda, baba," akajibu. "Si wa Bwana wenu. Ya waasi, huko Galilaya. Mmoja alilia kiu, nikamnywesha siki kwa sifongo."

Lo! Nyumba ikalipuka. "Siki! Kama wale waliomtesa Bwana! Mtoeni nje!" Na wewe ungepiga kelele, usijifanye mtakatifu, siki sisi tunaijua ya kachumbari.

Akainuka Bi Berenike, mjane ambaye mwanawe naye alitundikwa na Warumi. Watu wakanyamaza, maana neno la mama huyu lilikuwa zito kuliko milima saba.

"Wewe askari, kwa nini siki? Maji yalikwisha ulimwenguni?"

"Mama, ndiyo tunywayo sisi. Siki ya divai tunaichanganya na maji, inakata kiu juani." Na jua la kule, jamani, huunguza hadi kivuli cha mtu. "Ilikuwa ya kwangu, ya kutwa nzima."

Mzee Filagrio akachangamka. "Kumbe ulimhurumia!"

Hapo ndipo penyewe. Neno moja tu, "ndiyo", na ubatizo ungekuwa wake. Rutilio akainamisha kichwa.

"Sijui kama ni huruma, baba. Nilitaka kunywa, naye ananitazama. Ikanishinda kumeza. Nikampa yeye kwanza."

Bi Berenike akakaa chini, akalia, na hapa sitii chumvi. Kisha akasema, "Miaka yote namwomba Mungu nijue kama alikuwapo hata mmoja aliyemwona mwanangu ni mtu. Kama aliyenyweshwa ni wangu au wa mama mwingine, sijui, lakini huyu hajui kujipamba. Baba Filagrio, mbatize. Nitamsimamia mimi."

Rutilio akabatizwa, na mama wa aliyetundikwa akiwa amemshika bega.

Basi ndugu zangu, tukifika pale Injili inapotaja siki, tusikimbilie kukunja sura. Dhihaka zilikuwapo, imeandikwa. Lakini kile kilikuwa kinywaji cha askari wenyewe, na aliyeinua sifongo, ya moyoni mwake Mola ndiye ajuaye. Nasi atujalie kusema kweli hata pale uongo mdogo ungetuletea sifa.