Chumvi ya Ngawa na Miiba ya Nungunungu

Jamani, naja na ngano!
Ije tuisikie.
Ina chumvi ndani!
Basi ikolee.

Hapo zamani, zamani za kale, wanyama walikuwa na gulio lao, na muuza chumvi alikuwa mmoja tu, Bwana Ngawa. Wateja wake wakubwa walikuwa nungunungu. Nungunungu na chumvi mnawajua. Wataikosa mihogo, watalala; wakikosa chumvi, nyumba haikaliki.

Siku moja Ngawa akasimama mlangoni akatangaza, "Kuanzia leo mwenye miiba haingii dukani kwangu. Aing'oe kwanza. Mwanangu amechomwa."

Ni kweli mtoto alichomwa. Alikuwa akicheza, akaangukia mkia wa mteja. Lakini nyuma ya neno hilo alikuwapo Chui. Chui alikuwa amempelekea Ngawa paja la swala, akamnong'oneza, "Ukiwavua hawa miiba yao, nyama haitakatika kwako."

Nungunungu kijana, jina lake Kitete, hakuweza kuvumilia. Aling'oa miiba, mmoja, mmoja, huku machozi yakimtoka, akanunua chumvi. Njiani Chui akamrukia. Kitete alijitumbukiza kwenye shimo lililochimbwa na mnyama mhanga, akapona, lakini mgongo ulichanika na chumvi ikamwagika juu ya kidonda. Mnasikia uchungu huo?

Nungunungu wakakutana kwa shangazi yake Kitete, Bi Sihaba. Vijana wakasema, "Twende tukamchome Ngawa."

"Mkimchoma, mtakuwa mashahidi wake," akasema Bi Sihaba. "Duka ni lake, hatuwezi kumlazimisha. Lakini ulimi ni wetu. Hatununui."

Wakatunga wimbo, nanyi nipokeeni:

Mwiba wangu ni wa mwili,
sikuununua dukani;
kama wautaka mwiba,
chumvi yako baki nayo.

Ngawa akacheka. "Watarudi." Hawakurudi.

Akashusha bei. Nungunungu wakapita mbele ya duka, wakaimba: chumvi yako baki nayo.

Akaichanganya chumvi na asali, akaipeleka mpaka milangoni mwao. Lo, hapo palikuwa pagumu. Mzee mmoja alikuwa ameanza kulamba jasho la mkewe. Akanyoosha mkono, mkewe akamtazama, mkono ukarudi. Wakaimba: chumvi yako baki nayo.

Na kila siku ya gulio Bi Sihaba alikwenda barazani kwa Jumbe Nyati, mkuu wa kijiji.

Mara ya kwanza Jumbe akamwambia, "Mama, hayo ni ya dukani. Hayanihusu."

Mara ya pili alikwenda na Ngiri. Jumbe akasema, "Nitaangalia." Hakuangalia.

Mara ya tatu alikwenda na Ngiri, na nyuki, na ukoo wote wa nungunungu, na Kitete mbele, mgongo wazi. Hata Ngiri na nyuki walikuwa wameacha kununua chumvi kwa Ngawa.

"Jumbe," akasema Bi Sihaba, "leo ni miiba yangu. Kesho ni meno ya Ngiri na sumu ya nyuki. Nawe ukija kununua chumvi, pembe zako utamwachia nani akushikie?"

Jumbe Nyati akapapasa pembe zake, hii na hii. Kisha akasema, "Niitieni Ngawa."

Ngawa alikuja amelowa. Masika yalikuwa yameanza, na chumvi isiyonunuliwa ilikuwa ikiyeyuka ndani ya magunia. Alipouona mgongo wa Kitete, akapiga magoti.

"Nilidanganywa na paja la swala alilonipa Chui," akasema. "Sikujua kuwa atamrukia. Au nilijua, nikajifanya sijui. Nisameheni."

Jumbe akaamua Chui asikanyage tena gulioni, na mlango wa Ngawa uwe wazi kwa kila mwenye miiba. Vijana wakataka kushangilia, lakini Bi Sihaba akawainulia mkono, akamgeukia Ngawa.

"Mtoto wako aliumia, na hilo halikuwa uongo," akasema. "Tukiingia kwako tutailaza miiba, na hatutawapa watoto mgongo. Miiba haikatazwi, ila mwenye miiba na ajue mgongo wake uko wapi."

Ngawa akampimia Kitete chumvi ya kwanza. Kitete akaionja palepale, akafumba macho.

Ngano hii yatufundisha kuwa haki hailindwi kwa hasira, hulindwa kwa umoja na subira. Mnunuzi akifunga mkono, muuzaji hufungua masikio. Na aliye na silaha, aitunze isimdhuru asiye na kosa.

Nami nimefika mwisho. Ikiwa tamu, mkawagawie waliobaki nyumbani. Ikiwa chapwa, chumvi mnajua inakouzwa.