Cha Kuunga na cha Kumimina

"Tausi, hiyo kazi yako mbona viraka vitupu?" Bi Mwanamvua, jirani yake, aliuliza hivyo siku moja akichungulia kompyuta, kisha akacheka hadi akashika mlango.

Nanyi leo mmesikia watu wakisema, "Cha kuunga hufunguliwa, cha kumimina hupasuliwa," mkataka kujua msemo huu umetoka wapi. Basi ulizaliwa na viraka hivyo.

Tausi alitengeneza programu ya zamu za maji mtaani kwao. Aliigawa vipande vitatu: kimoja kinasoma kina cha maji tangini, kimoja kinapanga zamu za vichochoro, kimoja kinawatumia watu ujumbe. Kila kipande kilijua kazi yake, kikimaliza kinakipokeza kingine, basi.

Mzee Kinyogoli, mwenyekiti wa kamati ya maji, hakupendezwa.

"Mwanangu, hii ni mishono ya fukara. Nimemleta fundi wa mjini, yeye kamimina kila kitu pamoja kama zege. Yako inazimwa leo."

Tausi alimwachia Mungu. Ila vipande vyake hakuvifuta.

Ramadhani ikaingia. Maji yaliyokuwa yakifunguliwa magharibi sasa yalitakiwa mapema, watu wapike futari. Fundi wa mjini akaifungua programu yake; kila alipogusa zamu, ujumbe ulikufa na kipimo cha tangi kikasema uongo.

"Nipeni siku nne nianze upya," akasema.

Siku nne, na watu wamefunga! Wanawake wakajaa ofisini kwa kamati na ndoo tupu.

Tausi akaja, akawasha programu yake. Akachomoa kipande cha zamu, akapachika kingine chenye saa mpya; viwili vilivyobaki hakuvigusa. Kabla ya adhana ya alasiri, simu za wanawake zikaanza kulia mlemle: maji yanafunguliwa.

Mzee Kinyogoli akatabasamu kwa shida. "Umetuokoa, mwanangu. Sasa viyeyushe viwe kitu kimoja. Viraka vinatuaibisha mbele ya wageni."

"Siviyeyushi, Mzee."

"Mwenyekiti hapa nani?"

"Ni wewe, na shikamoo yangu ipo palepale. Lakini zamu zikibadilika tena, hawa utawaambia wanywe zege?"

"Mjibu, Mwenyekiti!" Bi Mwanamvua akapaza sauti, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Tausi hakucheka. "Cha kuunga hufunguliwa, Mzee. Cha kumimina hupasuliwa."

Mzee Kinyogoli akatafuta makubazi yake, akayavaa, akatoka.