Vidato Ishirini na Kimoja

Mama mmoja mjane, jina lake Mghoi, alikuwa na kesi katika mahakama ya zamani ya wilaya yake. Shemeji yake, Mwakio, alikuwa amelizungushia ua shamba la marehemu na kumwacha Mghoi nje.

Mahakama hiyo ilijengwa kwa mawe, enzi za ukoloni. Mtawala wa wakati huo aliagiza sakafu iinuliwe kupita kimo cha mtu, na mbele pajengwe ngazi za vidato ishirini na kimoja, ili kila anayeleta shauri afike juu akihema, kichwa chini. Kuta zilikuwa nene, madirisha madogo, juu karibu na dari. Mtawala akaenda zake. Bendera ikabadilishwa, vigae vikaondolewa pakaezekwa mabati, mahakimu wakaja na kuhamishwa. Ngazi hazikuguswa. Watu wa mji walizipenda. Maharusi walipigiwa picha hapo.

Siku ya kesi, Mghoi aliletwa na bodaboda hadi chini ya ngazi. Alikuwa amevunjika nyonga mwaka uliotangulia, akitembea kwa magongo mawili. Alipanda vidato vitatu, mguu ukakataa. Askari wa zamu alimwambia asubiri, angerudi na mwenzake wambebe. Akaitwa kupokea mahabusu, akasahau. Waliopita walidhani anamngoja mtu. Mwakio naye alipita, akamsalimia kwa adabu, akaendelea kupanda.

Saa tatu karani alisimama mlangoni pa chumba cha kesi, akaita jina la Mghoi mara tatu, kama utaratibu unavyotaka. Sauti yake haikutoka nje ya kuta zile. Hakimu akamuuliza Mwakio kama amemwona mdai.

"Humu ndani sijamwona, mheshimiwa," Mwakio akajibu.

Hakimu akaandika kwamba mdai hakufika, na kesi imetupiliwa mbali. Hakuvunja kanuni hata moja.

Saa saba alishuka kwenda kula. Pale chini akamkuta mwanamke ameketi juani, karatasi ya wito mkononi. Mwanamke alimwamkia, kisha akamuuliza, "Mheshimiwa, mimi Mghoi nitaitwa saa ngapi?"

Hakimu aliisoma ile karatasi, akaisoma tena. Akatazama juu alikotoka. Kwa miaka minne alikuwa amepanda ngazi zile kila asubuhi, na hata siku moja hakuwahi kuzihesabu. Aliona haya, wala hakuficha. Akamwagiza karani alete jalada na amwite Mwakio, ambaye bado alikuwa kwenye kibanda cha chai. Karani alinong'ona kwamba mahali pa kusikilizia kesi ni kule juu, kwa heshima ya mahakama. Hakimu aliketi kwenye kidato cha chini kabisa, suti yake ikashika vumbi, akafuta alichoandika asubuhi na kumwomba mama aeleze shauri lake tangu mwanzo. Mghoi alieleza. Mwakio alipotakiwa kujibu, macho kwa macho na shemeji yake, alikiri kwamba shamba halikuwa lake. Ua uling'olewa wiki ile ile.

Basi niwaulize ninyi mnaonisikiliza: asubuhi ile, ni nani hasa ambaye hakufika mahakamani?