Pimbi na Zimamoto ya Mjomba Nyati

— Naleta hadithi.
— Ilete, tupo.
— Nimekutana nayo njiani.
— Ilikuwa inakwenda wapi?
— Ilikuwa inakuja kwenu.
— Basi ipishe ipite.

Ikapita, ikafika kwenye mbuga ya majani marefu. Kila kiangazi majani yalikauka. Yakikauka, moto ulikuja. Moto ukija, wanyama walikimbia. Wakachoka kukimbia, wakaunda zimamoto yao.

Zimamoto hiyo ilikuwa na wanne. Mkuu wake alikuwa Nyati, kwa sababu ya ukubwa, na kwa sababu hakuna aliyetaka kubishana naye. Ngiri alichimba kwa pua ukanda wa udongo mtupu, ili moto ukifika pale ukose cha kula. Pimbi, ambaye hazidi sungura kwa kimo na Mungu hakumjalia mkia, alipiga moto kwa tawi bichi. Nyuma ya wote alikuja mzee Kobe, akilalia makaa yaliyobaki na kuyazima kwa gamba la tumbo.

Ujira wao ulikuwa bonde dogo lenye chemchemi, ambalo majani yake ni mabichi mwaka mzima. Nyati akaweka sheria mbili. Ya kwanza alisema, "Anayetangulia kwenye moshi ndiye anayetangulia bondeni, na atakula mpaka ashibe." Ya pili alisema, "Ndani ya moshi nasikika mimi tu. Zimamoto haina midomo mingi."

Basi moto ulikuja, Nyati akatangulia kwenye moshi. Moto ukazimwa, wenzake wakaenda bondeni, wakakuta mizizi. Moto mwingine ukaja, Nyati akatangulia. Wakaenda bondeni, wakakuta mizizi.

Njaa wangeivumilia. Lakini safari moja upepo uligeuka. Ngiri akauona, akanyamaza kama alivyoagizwa. Kila mmoja akakimbia kivyake, na hakuna aliyejua Kobe yuko wapi. Walimkuta moto umeshapita, ukingo wa gamba umeungua na mguu mmoja haukunjuki.

"Babu, kwa nini hukuita?" Pimbi alimwuliza.

"Niliambiwa nisiite."

"Hata ukiungua?"

"La kuungua halikutajwa. Nikaona nisiongeze maneno yangu."

Pimbi akajua kwamba moto ujao utamkuta Kobe na miguu mitatu, na hautamwacha. Akamwendea Nyati.

"Mjomba, naomba tuwe tunaitana ndani ya moshi, kila mtu ajulikane alipo."

"Nani anataka kujua ulipo wewe? Mchana kweupe sikuoni, seuze kwenye moshi."

"Si mimi, Mjomba. Ni babu Kobe."

"Kobe ni jiwe. Ulishaona jiwe linaungua? Nenda zako."

Pimbi akaenda zake. Asubuhi yake akarudi na uongo. Njiani alitubu kabisa, ili asije akasahau baadaye: "Mola wangu, nisamehe, nakwenda kusema uongo. Si mrefu."

"Mjomba, ng'ambo ya mto wanakusema."

"Wanasemaje?"

"Aa, yaache. Si maneno ya kumpelekea mtu mzima."

"Sema, wewe."

"Wanasema Nyati haingii motoni. Eti moshi ukishakuwa mzito anakwenda kujificha, halafu ukiisha anajitokeza kifua mbele."

Nyati akameza mate. Akameza tena. Pimbi akadhani ni hasira.

"Nani hao?"

"Watu tu, Mjomba. Na moshi hauna macho, watakuona wapi? Bora wangekusikia. Mkubwa kama wewe unaingiaje motoni kimya kimya kama mwizi wa mayai? Sisi tukuite kwa sifa, wewe uitike, mbuga nzima isikie. Halafu sisi wadogo tutaje tulipo, ijulikane kwamba tuko nyuma yako."

"Nyuma yangu," alisema Nyati.

"Nyuma kabisa."

"Na asiyeitika?"

"Afuatwe hapo alipo. Isije ikasemwa Nyati kapoteza mtu."

Nyati akafikiri, akayapenda. "Hiyo sasa ni sheria ya tatu. Nimeitunga mimi."

"Nani mwingine angeiweza?" alisema Pimbi.

Moto ukaja. Upepo vuuu, majani tatatata. Nyati akatangulia, moshi ukamfunika. Pimbi akapiga tawi lake, pu, pu, pu, akaita:

"Nyati, pembe za mbuga?"

"Nipo mbele!"

"Kaka Ngiri?"

"Nipo kushoto, nachimba."

"Babu Kobe?"

"Nipo nyuma, penye gogo. Msinisahau."

"Na mimi Pimbi nipo kulia."

Upepo vuuu, majani tatatata, tawi pu, pu, pu. Akaita tena:

"Nyati, pembe za mbuga?"

"Mmpo mmbele." Nyofu, nyofu, nyofu.

Pimbi akashusha tawi. Sauti ile haikutoka mbele. Ilitoka kulia, chini kabisa, bondeni.

"Dada Pimbi," Ngiri aliita kutoka kwenye moshi, "siku hizi mbele kuna chemchemi?"

"Chimba, kaka."

"Nachimba. Nimeuliza tu."

Kumbe uongo wa Pimbi ulikuwa kweli tupu, na toba yake ilikwenda bure. Lakini nafasi ya kusikitika haikuwepo. Kama Nyati hayuko mbele, basi mbele hakuna mtu, na moto ulikuwa unazunguka kwa huko kulifuata gogo.

"Babu, mbele kuko wazi. Njoo kwenye sauti yangu."

"Naja. Kwa mwendo wangu."

"Kaka Ngiri, acha hapo, kamchukue babu."

"Naenda. Endelea kuniita nisipotee."

Pimbi akaita, Ngiri akaitika. Akaita, Kobe akaitika, kila mara karibu zaidi, mpaka Ngiri akatokeza anamsukuma Kobe kwa pua kama mtungi, akamvusha ukanda wa udongo. Nyuma yao moto ukala gogo. Ukafika kwenye udongo, ukakosa chakula, ukafa. Moshi wake ukateremka bondeni, ukakaa.

"Nyati, pembe za mbuga?"

Kimya.

"Mjomba?"

Kimya.

"Labda ameshiba," alisema Ngiri.

"Sheria inasema afuatwe."

"Sheria yake mwenyewe."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Mfuateni," alisema Kobe. "Mimi nimekaa mle bila kuitwa. Nitawaita kutoka hapa."

Ngiri akaingia, mkia umesimama wima kama kawaida yake, Pimbi akaushika. Kobe aliita, "Mko wapi?" Ngiri akajibu, "Kwenye mteremko." Kobe aliita, "Mko wapi?" Ngiri akajibu, "Kwenye maji." Hapo wakamgusa Nyati. Macho yanabubujika machozi, mashavu yamefura majani. Hawezi kukohoa, hawezi kumeza, na kutema hataki.

"Tema, Mjomba, upumue."

Nyati akatikisa kichwa.

"Tema, utakufa."

Akatikisa kichwa.

"Haya, kaka Ngiri, twende tukawaambie wa ng'ambo kwamba walisema kweli."

Nyati akatema. Akavuta pumzi, akakohoa. "Nipo," alisema, kwa sauti ndogo kuliko ya Pimbi.

Wakamtoa, wakifuata mwito wa Kobe. Huko nje wanyama wa mbuga walikuwa wamesimama, wamesikia yote.

"Ulikuwa wapi, Nyati?"

"Nilikuwa nalinda ujira."

Hakuna aliyebishana naye. Ila tangu siku hiyo bonde linaliwa kwa zamu. Anaanza Kobe, anayetafuna jani moja mpaka kivuli kihame, na Nyati amepangwa nyuma yake.

Funzo lake ni hili: ukiwa kwenye moshi, usiitike na chakula mdomoni, meza kwanza. Na anayetaka kula peke yake asikubali wenzake wajue alipo. Wapo watakaowaambia kwamba hadithi hii inafundisha kuitana na kungojana. Mimi nimeitazama kote, hilo sikuliona.

Hapo ndipo ilipokatikia. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.