Bi Chui na Damu ya Fizi Zake

"Masikio mnayo?"

"Tunayo!"

"Na midomo?"

"Tumeifunga!"

Haya, ifungeni sana, maana kisa chenyewe ni cha mdomo, na si cha kuchekesha.

Hapo kale, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisemezana kama mimi na nyinyi, palikuwa na chui mmoja jike. Wenzake wakimwita Bi Chui. Alikuwa mjane, na mwanawe alikuwa mmoja tu, jina lake Madoa, mdogo bado, hata kunguruma hajui.

Bi Chui alijua kuwinda. Akiruka, karuka. Akiuma, kauma. Lakini akishashiba hulala papo hapo, nyama zimemjaa katikati ya meno. Wenzake walikata vijiti vya mswaki, wakatafuna ncha mpaka zikalainika, wakasugua. Yeye akisema, "Mimi meno yangu husafishwa na mifupa." Ukoga ukamganda kwenye mashina ya meno, kwanza laini kama uji, halafu mgumu kama jiwe.

Mwaka huo jua likawaka, likawaka, likawaka. Mito ikakauka. Likabaki bwawa moja tu, na mlinzi wake alikuwa Bi Ndovu. Akatoa sharti: "Kuwindana hapa hakuna. Kawindeni mbali, na mkija kunywa, midomo iwe safi. Nitakayemwona na damu mdomoni, hanywi tena hapa."

Kila mnyama alielewa maana yake. Asiyekunywa hapo alikuwa maiti.

Siku moja Bi Chui akainama kunywa. Tone la damu likaanguka majini, to!

"Damu ya nani hiyo?" akauliza Bi Ndovu.

"Nimechomwa na mwiba, dada."

Siku ya pili, to!

"Na hiyo?"

"Mfupa umenikwaruza."

Siku ya tatu, to! Swala wakarudi nyuma, wakawakumbatia watoto wao. Bi Ndovu akasema, "Mama Madoa, nimekuvumilia. Nikiiona tena, wewe na mwanao mtatafuta maji kwingine."

Damu ile ilikuwa yake mwenyewe, ilitoka kwenye fizi. Lakini angesemaje? Chui mzima avuje damu mdomoni kama kizee! Aliona haya. Akageuka, akaenda zake.

Jioni hiyo akapanda mawe kwa Mama Pimbi, mkunga na mganga wa nyika ile. Mama Pimbi akamwambia apanue mdomo. Akachungulia, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Fizi zimevimba, mwanangu. Zimekuwa nyekundu kama pilipili. Ni huo ukoga, umeingia chini yake unazila. Shika mswaki huu. Sugua polepole pale jino linapokutana na ufizi, asubuhi na kabla ya kulala. Toa nyama za katikati ya meno. Sukutua kwa maji ya chumvi. Na nitakukwangua hayo magumu mimi mwenyewe, uje kesho."

"Na damu itakoma?"

"Mwanzoni itatoka. Usiogope, usiache. Baada ya siku chache itapungua, kisha itakata."

Bi Chui akarudi pangoni, akasugua. Damu ikachuruzika hadi kidevuni. Madoa akalia, "Mama, unakufa!" Moyo ukampasuka Bi Chui. Kesho ni bwawani! Kesho Bi Ndovu atamwona! Akasema, "Kumbe kinachonitoa damu ni kijiti hiki." Akakivunja vipande vitatu, akakitupa bondeni. Kwa Mama Pimbi hakurudi.

Nyani alikuwa juu ya mti, akaona. Akashuka matawi mawili, asishuke zaidi.

"Shikamoo, Mama Madoa. Nimesikia una shida ya damu."

"Nani kakwambia?"

"Sisi wa juu tunaona mengi. Chukua hii tumbaku, uitie kwenye ufizi, uiache hapo. Damu utaisahau."

Bi Chui akaitia. Ikamwasha, ikamlevya, akatapika. Lakini asubuhi alipoinama kunywa, hakuna tone. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tatu, hakuna. Bi Ndovu akasema, "Karibu maji, mama." Bi Chui akatembea kifua mbele.

Damu ilikuwa imekata, ugonjwa haukukata. Ulishuka chini, ukaanza kula mfupa ulioshika meno. Fizi zikasinyaa, meno yakaonekana marefu. Mdomo ukanuka. Alipotaka kumlamba mwanawe, Madoa akageuza uso.

"Mama, unanuka kama mzoga."

Bi Chui akamwendea Nyani. "Meno yangu yanacheza."

"Ongeza tumbaku," akasema Nyani.

Akaongeza.

Siku moja akamrukia swala, akamuuma shingoni. Swala akajitikisa, akakimbia na jino la Bi Chui limekwama ngozini. Akamrukia ngiri; jino la pili likabaki mgongoni mwa ngiri. Akamrukia kanga, kanga tu jamani! Jino la tatu likaanguka mchangani, na kanga akaruka zake. Bi Chui akaketi kando ya lile jino akalitazama. Madoa alikuwa nyuma yake, mbavu zinahesabika.

Akaenda chini ya mti wa Nyani, akalia, "Dawa yako imenimaliza! Nilikukosea nini?"

Safari hii Nyani akashuka mpaka chini. Hakuwa tena na haja ya kuogopa.

"Masika iliyopita," akasema, "kulikuwa na kitoto kinacheza kwenye mawe yale. Kilikuwa kinajifunza kukaa mgongoni kwangu. Ulikishika shingoni. Unakikumbuka?"

Bi Chui akatafuta moyoni. Alikuwa amekula wengi. Hakukikumbuka.

"Basi ndiyo hivyo," akasema Nyani, akaenda zake bila kucheka.

Bi Chui akajikokota hadi kwa Mama Pimbi. Mama Pimbi akalia alipomwona. Akamkwangua ukoga, akamsukutua, akamkataza tumbaku. Akasema, "Fizi nitaziponya, mwanangu. Meno yaliyoanguka siwezi kuyarudisha."

Na kweli, fizi zikapona. Bi Chui alisugua asubuhi, akasugua kabla ya kulala, taratibu, hata damu ikakoma kweli, na harufu ikaondoka. Mdomo ukawa safi. Lakini meno mengi yalikuwa yameshaanguka, ulikuwa karibu mtupu, na chui hali majani.

Madoa akaanza kukamata mijusi. Alikuwa akimtafuna mjusi mpaka alainike, akamtemea mama yake mdomoni, kama mama alivyomlisha yeye alipokuwa mchanga. "Kula, mama." Bi Chui alikuwa akimeza kidogo, nyingine akimrudishia mwanawe, akisema ameshiba. Halafu humshika kidevu na kumsugua meno yake madogo, jino kwa jino.

Wingu la kwanza la mvua lilipotanda, Madoa alirudi na mjusi mnono. "Kula, mama." Bi Chui hakufungua mdomo. Madoa akamtafuna mjusi upya, akamlainisha zaidi, akamweka mdomoni mwa mama. "Kula, mama." Mvua ikaanza kunyesha, naye Madoa bado anangoja mama ameze.

Basi wasikilizaji, ufizi ukitoa damu unakuita. Usiuzibe kwa tumbaku, wala usiutupe mswaki kwa sababu umekuonyesha damu. Sugua polepole asubuhi na kabla ya kulala, toa mabaki katikati ya meno, na umwendee mganga wa meno mapema, usione haya. Ufizi hupona. Jino la mtu mzima likishaanguka halioti tena.

Kisa nimekitema, nami nimesukutua. Anayekitaka na akiokote, asiyekitaka akipishe njia.